Ukuta wa chumba cha watoto unatoka jasho, mume wangu anataka kuubandika mabodi

SWALI

Kaka Fundi, asalaam aleikum. Mi ni mama wa watoto wawili, kwetu Tanga ila sasa hivi tunaishi Leicester huku Uingereza, tumenunua nyumba kwa mkopo, hizi za zamani za matofali mekundu zilizoshikana mtaa mzima, wakala alitwambia imejengwa kabla ya vita vya kwanza. Nyumba naipenda sina neno nayo, tatizo ni chumba kimoja tu, cha watoto, kile cha nyuma kilichokaa juu ya jiko. Kuta zake tatu zote ziko nje, yaani hakuna jirani upande wowote, na ule unaotazama kaskazini ndo balaa, ukiuwekea mkono Desemba unakufa ganzi. Asubuhi kioo cha dirisha kinatiririka maji, hiyo nilishaizoea, lakini mwaka huu nimevuta kabati nifagie nyuma nikakuta ukuta mweusi tii kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, fangasi tupu. Kanga zangu nilizoziweka mle na makoti ya watoto vyote vinanuka uvundo, vingine vina madoa hayatoki hata uviloweke vipi. Na mdogo ana pumu, usiku anakohoa mpaka mi silali.

Nimesugua kwa dawa ya dukani, ikatoka, afu ikarudi palepale.

Mume wangu kaongea na kijana mmoja wa kwetu anafanya kazi za ujenzi, akamwambia dawa yake ni kubandika mabodi, yale yenye jipsam mbele na povu gumu la foili nyuma, unapiga madonge ya gundi ukutani unabandika, unasawazisha, unapiga rangi, basi, fangasi hutoiona tena. Mabodi kashayanunua yamesimama kwenye korido hata kupita tabu. Sasa kazini kwetu kuna dada mmoja anasema wao walifanya hivohivo na baada ya misimu miwili chumba kikaanza kunuka, walipobandua nyuma ya bodi kulikuwa maji na ukungu kuliko mwanzo. Nikimwambia mume wangu ananambia hayo ni maneno ya kazini.

Halafu jirani yetu Muingereza kila akiniona ananambia nifungue madirisha. Januari! Na mvua hii! Si ndo nitaingiza unyevu zaidi jamani? Mi hata vile vitundu vya juu ya fremu nimeviziba kwa tepu maana upepo unapita. Radieta ya chumba kile tunaizima mchana kubana bili, usiku naacha mlango wazi joto la chini lipande. Nguo naanika juu ya radieta za sebuleni sina pengine.

Naomba unijibu kwa lugha ya kueleweka kaka angu maana nitamsomea mwenyewe.

Mama Wawili, Leicester

JIBU

Waaleikum salaam dada yangu, pole na baridi na pole zaidi kwa kanga. Kwa vile utamsomea shemeji nianze na habari mbaya asije akasema nimezunguka: dada wa kazini yuko sahihi. Mabodi yakibandikwa kwa madonge ya gundi kwenye ukuta ule, na nyumba ikiwa hivi ilivyo sasa, maji hayaishi, yanahama tu, yanatoka mbele mnapoyaona yanaenda nyuma msipoyaona. Ila wazo lenyewe la kuupa ukuta joto kwa ndani si baya hata kidogo, kijana wenu kakosea namna na kakosea mpangilio.

Kabla ya yote lazima mjue maji yanatoka wapi, maana ukuta unaweza kulowa kwa mvua kutoka nje au kwa mvuke wa ndani, na matibabu ni tofauti kabisa. Chukua foili ya jikoni kipande kama ukurasa wa daftari, kausha sehemu ya ukuta vizuri kwa kitambaa, bandika foili uizibe kwa tepu pande zote nne isiingie hewa, iache siku nzima au mbili. Ukirudi ukakuta matone juu ya foili, upande wa chumbani, ujue ni mvuke wenu. Ukibandua ukakuta imelowa nyuma, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe. Kwa maelezo yako, nyuma ya kabati, kaskazini, kioo kinatiririka, mi naweka dau ni mvuke, lakini toka nje uangalie pia, wakati mvua inanyesha, uone gata kama limeziba linamwaga kwenye matofali, uone viungo vya matofali kama vimemomonyoka, na udongo au zege la uani kama limepanda mpaka juu ya ile DPC, yaani tabaka lililo chini ya ukuta la kuzuia maji ya ardhini yasipande (inatakiwa uwazi wa sentimita 15 hivi kutoka ardhini mpaka kwenye DPC, mafundi wengi wa kumwaga zege la uani hawajali hilo). Chochote cha hapo kikiwa kibovu kinarekebishwa kwanza, usifunike ukuta unaolowa kwa mvua, utakuwa umeficha kidonda.

Na ukiwa hukohuko nje tazama matofali yalivyopangwa. Ukiona tofali refu, fupi, refu, fupi kwenye mstari mmoja basi ukuta ni mzima, hauna nafasi katikati, inchi 9 tu za tofali kati ya mwanao na baridi. Nyumba nyingi za kabla ya miaka ya 1920 ziko hivyo.

Sasa tuje kwenye jasho. Chupa ya soda ukiitoa kwenye friji pale Tanga ukaiweka mezani inalowa yenyewe, hakuna aliyeimwagia, maji yametoka hewani. Ukuta wako ndo hiyo chupa. Hewa ya joto inabeba mvuke mwingi, hewa ya baridi inabeba kidogo: kwenye nyuzi 20 mita moja ya ujazo inaweza kubeba gramu 17 hivi za maji, kwenye nyuzi 0 haifiki hata gramu 5. Hewa ya sebuleni kwenu ikiwa nyuzi 20 na unyevu asilimia 60, ambao kwa nyumba yenye watu na mapishi ni kawaida tu, ikigusa kitu chenye nyuzi 12 inaanza kutoa matone. Na fangasi haisubiri matone, hapo ndo watu wanapokosea, wanapapasa ukuta wanaona mkavu wanasema hakuna shida. Fangasi inaridhika hewa iliyogusana na ukuta ikishafika unyevu wa asilimia 80, na kwa hewa ileile niliyoitaja hiyo inatokea ukuta ukiwa na nyuzi 15 na kidogo. Ukuta wa inchi 9, nje kukiwa nyuzi 0 na ndani 20, kwa hesabu za kawaida uso wake wa ndani unakaa kama nyuzi 14 na nusu. Kwa hiyo upo kwenye hatari hata chumba kikiwa na joto. Halafu ukaweka kabati limebana, joto la chumba halifiki nyuma, pale panashuka zaidi. Ndo maana weusi umechora umbo la kabati.

Kuhusu jirani yako, mwambie ahsante, maana yuko sawa na nakuelewa kwa nini humuamini. Sisi tuliokulia pwani akili zetu zinajua kwamba ukifungua dirisha wakati wa masika unaingiza unyevu, na kule ni kweli, hewa ya Tanga ya nyuzi 30 ina maji gramu 20 na zaidi kwa kila mita ya ujazo. Leicester Januari ni kinyume. Hewa ya nje ya nyuzi 5, hata mvua inanyesha, imebeba gramu 6 na nusu tu hivi, ikiingia ndani ikapata joto la nyuzi 20 unyevu wake unasoma chini ya asilimia 40, yaani umeingiza hewa kavu. Inalowesha ngozi yako ukiwa nje, hailoweshi nyumba. Kwa hiyo ile tepu kwenye vitundu vya dirisha ibandue leoleo. Asubuhi fungua dirisha la mbele na la nyuma kwa pamoja dakika kumi hivi upepo upite, funga. Kuta na fanicha hazipoi kwa dakika kumi, hewa tu ndo inabadilika, bili haitakuumiza kama unavyodhani.

Afu hebu tuangalie chumba chenyewe. Kiko juu ya jiko, kuta tatu nje, radieta imezimwa mchana, mlango wazi usiku. Yaani mmetengeneza mtego wa mvuke bila kujua dada yangu. Mvuke hausubiri kukaribishwa, unasambaa nyumba nzima na unaenda kutulia pale penye baridi kuliko pote. Ukichemsha maharage saa mbili sufuria wazi, ukianika fungu moja la nguo lenye lita mbili hivi za maji juu ya radieta za sebuleni, yote yanapanda ngazi usiku kupitia mlango ulioacha wazi yakitafuta ukuta wa kaskazini. Lile joto unalotaka lipande linapanda na maji yake. Na watu wenyewe tunapumua, mtu mzima aliyelala anatoa kama gramu 40 za maji kila saa.

Kwa hiyo majira haya ya baridi msiguse ukuta, fanyeni kazi ya kukausha hewa. Radieta ya chumba kile isizimwe kabisa, iwekeni chini lakini mfululizo, chumba kisishuke chini ya nyuzi 16, 17. Mlango wa chumba ufungwe jioni mnapopika, na mlango wa jiko pia. Funika sufuria. Feni ya jikoni iwe inatoa hewa nje kweli, si ile inayochuja harufu na kurudisha mvuke palepale, kanuni za ujenzi za England zinataka angalau lita 30 kwa sekunde kama iko juu ya jiko na 60 kama iko pengine, bafuni lita 15. Pandeni darini mkaangalie bomba la feni ya bafuni linaishia wapi, mimi nimekuta mengi limeachwa linapumulia darini, maji yote yanashukia kwenye mbao za paa. Nguo anikeni bafuni mlango umefungwa na feni inazunguka, au nunueni mashine ya kunyonya unyevu, zile za wati 200 hivi zinatosha, iwekeni chumba chenye nguo mlango ufungwe, utashangaa maji ya kumwaga asubuhi. Na kama kuna mtu kawaambia mnunue hita ya mtungi wa gesi kubana bili, hapana, hapana tena, gesi ikiungua inazaa maji, kilo moja ya gesi inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji ndani ya chumba, ukiacha hatari ya hewa yenye sumu.

Kabati livute sentimita 10 kutoka ukutani, au bora zaidi lihamie kwenye ukuta wa ndani unaopakana na chumba kingine. Na nunua kipima unyevu, ni kitu cha pauni chache, kiweke chumbani. Lengo ni kukaa kati ya 40 na 60. Ukisikia mtu anakwambia nyumba yake haina unyevu muulize kipimo kinasema ngapi.

Ile fangasi iliyopo usiisugue kavu kwa brashi, unaitimua hewani na mtoto wa pumu ndo wa kwanza kuumia. Lowesha kitambaa kwa maji na sabuni au dawa ya ukungu, futa, kitupe, dirisha wazi, mtoto awe chumba kingine, na usichanganye klorini na kitu kingine chochote. Mpaka hewa ikauke mi ningewahamishia watoto chumba cha mbele, nyie wakubwa mlale nyuma. Na kikohozi hicho cha usiku mpelekeni kwa daktari, mwambieni wazi kuhusu fangasi iandikwe.

Haya, mabodi. Shemeji sikiliza hapa.

Ukuta wa tofali leo unapata joto la chumba, ndo maana uso wake wa ndani unakaa nyuzi 14 na nusu nje kukiwa 0. Ukiuvisha insulesheni, yaani tabaka la kuzuia joto lisitoroke, kwa ndani, joto haliufikii tena, si ndo lengo? Uso mpya mnaougusa unakuwa na joto zuri, zaidi ya nyuzi 18. Lakini lile tofali nyuma ya bodi sasa limeachwa na baridi yake peke yake, linashuka mpaka nyuzi 3 au 4. Yaani mmetengeneza ukuta wa baridi zaidi kuliko uliokuwepo, mkauficha. Kinachoamua kama patakuwa pakavu au kinamasi ni kitu kimoja tu, hewa ya chumbani inafika kule nyuma au haifiki. Na kwa madonge ya gundi inafika, tena kwa raha, kwa sababu bodi halijagusa ukuta, limekaa juu ya madonge na kati yake kuna uwazi wa sentimita moja mbili uliounganika chumba kizima, hewa inaingilia kwenye soketi ya umeme, chini ya mbao za pembeni, kwenye nyufa za sakafu, pembeni mwa dirisha. Povu na foili yake inazuia mvuke kupenya katikati ya bodi, kweli kabisa, ila mvuke unaopita kwenye tundu la soketi ni mwingi kuliko ule ambao ungepenya bodi zima. Wanauza bodi zuri na kulibandika vibaya, na lawama inaenda kwa bodi.

Kuna la pili. Tofali la zamani lilijengwa kwa chokaa na linaishi kwa kulowa na kukauka, mvua inalipiga nje linanyonya, jua likitoka linakauka kwa nje na kidogo kwa ndani. Foili inaziba ule upande wa ndani. Mtu aliyekaa Mji Mkongwe Unguja hili halihitaji kuelezwa, zile kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zikishapigwa lipu ya saruji unyevu unafungiwa ndani na lipu inaanza kubanduka vipande. Hapa ni mambo yaleyale na baridi juu yake. Kwa hiyo hata nje msikubali fundi ajaze viungo kwa saruji ngumu, ni chokaa, na msipake ile rangi ya plastiki ya kuziba.

Ningefanya hivi mimi. Ningesubiri Mei mpaka Septemba, ukuta umekauka na hewa imedhibitiwa. Ningebandua karatasi za ukutani, rangi ya plastiki na plasta yote ya jipsam mpaka kwenye tofali, maana karatasi na gundi yake ni chakula cha fangasi na hakuna sababu ya kukizika huko nyuma. Kisha ningepiga lipu nyembamba ya chokaa ukuta mzima kusawazisha, na hiyo lipu inafanya kazi nyingine kubwa kimyakimya, inaziba nyufa zote hewa isipite. Juu yake bodi za nyuzi za mbao, zile ngumu za kubandika, milimita 40 mpaka 60, gundi yake ya chokaa ipakwe bodi zima kama siagi mkate wote, kusibaki hata kiganja kimoja cha uwazi, bodi ligandamizwe likiwa bado bichi, halafu likazwe na skrubu zake za plastiki. Juu ya bodi lipu ya chokaa yenye wavu, mwisho rangi ya madini inayopumua, si ile ya kufutika kwa maji. Bodi za aina hii zinanyonya unyevu kidogo na kuuachia, hazijidai kuzuia kila kitu, ndo maana zinasamehe makosa madogo ambayo foili haisamehe.

Shemeji atauliza kwa nini milimita 60 wakati ya povu ni nyembamba na inazuia zaidi. Ni kweli inazuia zaidi. Ukuta wa tofali tupu kwa hesabu za zamani unapoteza wati 2.1 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti, milimita 60 za nyuzi za mbao zinashusha mpaka 0.5 hivi, milimita 50 za povu zinashusha mpaka karibu 0.36. Faida kubwa yote imepatikana kwenye sentimita chache za mwanzo, na kila unapoongeza unene baada ya hapo unapunguza senti kwenye bili huku tofali linazidi kupoa nyuma. Kwenye ukuta wa zamani kiasi ni akiba.

Na msifanye ukuta mmoja. Mkiuvisha wa kaskazini peke yake mvuke utatafuta wa pili kwa ubaridi na fangasi itaamkia huko. Zote tatu, na angalieni dari ya chumba hicho maana paa la hivi vyumba vya nyuma mara nyingi limesahauliwa halina kitu. Pembeni mwa dirisha, zile kuta ndogo zinazozunguka fremu, nazo zivishwe bodi jembamba la milimita 20, ndipo wengi wanaporuka kwa sababu ni kazi ya kuudhi na ndipo weusi unapoanzia mwaka unaofuata. Ukuta wa ndani unaokutana na ule wa nje unarudishiwa bodi sentimita 40 hivi, baridi inapita kwa pembeni. Soketi zihamishwe ukuta wa ndani kabisa.

Kitu kinachonitia wasiwasi kuliko vyote ni boriti. Nyumba hizi boriti za sakafu zimechomekwa ndani ya ukuta wa nje, na ukuta ukipoa vichwa vya boriti vinapoa na kulowa, boriti ikioza hutoiona mpaka sakafu ianze kuyumba. Kwa hiyo mbao za sakafu za pembeni zinafunguliwa, boriti zinakaguliwa, bodi linaendelezwa chini katikati ya boriti, na pale boriti inapoingia ukutani panazibwa kwa tepu maalumu isipite hewa ya jikoni. Fundi akikwambia hiyo haina haja, tafuta mwingine, wala usibishane naye.

Kazi hii inagusa zaidi ya nusu ya kuta za chumba kwa hiyo wapigieni simu wakaguzi wa ujenzi wa kaunsili kabla, kanuni zinalenga wati 0.30 kwa kipimo kile kile cha joto linalopotea, lakini muongozo wenyewe unaruhusu kulegeza pale ambapo haiwezekani kiufundi, na nyumba ya tofali zima ni mfano mzuri, muwaeleze tu sababu ni unyevu. Kwenye hela, fundi akileta vifaa na kazi kwa pamoja kodi ya VAT ni sifuri mpaka mwisho wa Machi 2027, ukinunua bodi mwenyewe dukani unailipa. Na msidhani ukipata mpango wa serikali ndo umesalimika, ripoti ya National Audit Office (wakaguzi wa matumizi ya serikali) ya Oktoba 2025 ilisema katika kazi zilizofanywa chini ya ECO, mpango wa kuzivisha nyumba insulesheni, asilimia 98 ya insulesheni za nje na 29 za ndani zilikuwa na kasoro kubwa za kurekebishwa. Hao ni watu waliolipwa wakaitwa wataalamu. Muulize fundi yeyote swali moja, nyuma ya bodi unaachaje? Akisema kuna nafasi ya kupumua, muage kwa adabu.

Wale mnaosoma hapa mmepanga nyumba za kaunsili au za mashirika ya makazi, msianze kununua bodi, ukuta si wenu. Tangu 27 Oktoba 2025 England kuna Sheria ya Awaab, iliyopewa jina la mtoto Awaab Ishak aliyefariki Rochdale 2020 kwa ajili ya fangasi ya nyumbani. Hatari ya dharura mwenye nyumba anatakiwa aishughulikie ndani ya saa 24, na kubwa isiyo ya dharura achunguze ndani ya siku 10 za kazi. Andikeni kwa maandishi, pigeni picha zenye tarehe, usikubali kujibiwa kwamba ni mtindo wako wa maisha.

Mabodi yaliyoko kwenye korido, kama risiti ipo yarudishwe. Kama haipo, vipande vinafaa kuvisha mgongo wa kifuniko cha dari, kile cha kupandia, maana nacho ni baridi tupu.

Kipima unyevu anza kukisoma asubuhi na usiku uandike pembeni na joto la chumba. Ikifika Aprili kama namba ziko chini ya 60 na weusi haujarudi, nitumie hizo namba, unene wa ukuta uliopima kwenye dirisha, na picha ya matofali ya nje na ya boriti moja, nikupigie hesabu ya bodi chumba kizima ndo shemeji aende dukani.